Mama Waya na Mngurumo wa Ukumbini

Mama Waya hakuingia kwenye kazi ya spika kwa kupenda muziki. Muziki wenyewe humchosha. Aliingia kwa sababu mumewe alikuwa na spika kubwa, amplifaya mbili na tabia ya kusahau nyaya kila ukumbi alikokwenda, na mwanamke akaona mali ya nyumba inayeyuka hivi hivi. Akaanza kumfuata kazini, eti kumsindikiza. Alichokwenda kufanya ni kukunja nyaya.

Kukunja waya ni kazi ambayo kila mtu anaidharau. Wengi wanauzungusha kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo, unakatika ndani kwa ndani na huna habari mpaka siku ya shughuli. Yeye aliukunja kwa mduara mpana, mzunguko mmoja juu, mmoja chini, akaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mafundi walimcheka wakampa hilo jina. Halafu wakaanza kuja kuazima nyaya kwake.

Mimi nakodisha majukwaa, vyuma na mbao. Tumekutana kwenye kumbi nyingi, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Mengine nimeyapata kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, kijana mwepesi wa mikono anayeitwa Chapchap, ambaye hana kifua hata kidogo. Ukimpa soda anakueleza mambo ya ukoo mzima.

Ili uelewe kilichompata mama huyu, lazima kwanza uelewe kitu kimoja kuhusu plagi. Plagi nzito ina nyaya tatu. Mbili zinafanya kazi. Ya tatu haifanyi lolote, imekaa tu. Siku chombo kikiharibika na umeme ukavujia kwenye bati lake, waya huo wa tatu ndio unaoupeleka umeme chini udongoni badala ya kuuachia upite kwenye mwili wa mtu. Mafundi wanauita waya wa ardhi. Lakini una kero yake. Ukiunganisha vyombo viwili vinavyokula umeme kutoka sehemu mbili tofauti, spika zinaanza kunguruma, mngurumo mzito wa chini kwa chini unaokutetemesha kifua. Na dawa ya haraka kila fundi anaijua: kata waya wa ardhi. Mngurumo unakufa papo hapo, unaonekana bingwa, unalipwa, unakwenda zako.

Mume wa Mama Waya alikata miaka yote. Siku moja, kwenye mahafali ya chuo fulani, mchana kweupe, alishika maikrofoni kwa mkono wa kulia akiijaribu, na kwa mkono wa kushoto akasogeza gitaa lililokuwa limechomekwa kwenye umeme mwingine. Mkono wa kulia ukaganda. Watu wa mbele walidhani anaigiza, wakacheka. Mkewe ndiye aliyejua, akaukimbilia ukuta akang'oa plagi.

Alipona, kama huko ni kupona. Vidole vya mkono wa kulia vimejikunja kama vimeshika kikombe. Maneno yanamtoka moja moja. Anakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya dirisha, chumba hicho hicho wanacholala, akifungua redio mbovu kwa mkono wa kushoto na kushindwa kuzifunga tena. Mama Waya anamkanda misuli kwa maji ya moto, anamkatia nyama, anamfunga vifungo. Na kazi ikawa yake yeye.

Aliiendesha vizuri kuliko mumewe, hilo sina sababu ya kulificha. Alianza na mikutano ya wazazi na misiba, akapanda kwenye uzinduzi wa maduka, akaongeza taa za rangi, akapata skrini kubwa ya kuonyeshea video, ya mitumba lakini nzima. Chapchap akawa mtu wake wa taa na picha. Mama Waya alikuwa na dosari moja tu: hakujua kuuza. Ukimuuliza chombo kina ubaya gani, anakuambia.

Ndipo likaja tamasha la vijana.

Tamasha lilikuwa na kumbi kadhaa, na mmoja ulikuwa unatafuta mtu wa kuleta taa, sauti na video kwa pamoja. Kila mtu wa kazi hii aliutaka. Ukishika ukumbi wa tamasha, shule zinakujua, makampuni yanakujua, mwaka mzima simu yako hailali. Mama Waya aliniambia waziwazi, "Nikikosa huu ukumbi, nauza vyombo. Nyumba imenizidi."

Nilikuwapo siku ya mapatano, kwa ajili ya jukwaa langu. Mratibu wa tamasha alikuwa binti mchangamfu, simu mbili mkononi, anaongea na wewe huku anamjibu mwingine.

"Mama, hii bei umeandikia harusi ya waziri nini?" akasema, akacheka. "Hapa umeweka kisanduku cha kutenganisha umeme. Ndiyo nini?"

"Cha kuzuia spika zisingurume."

"Kwani spika zako zinanguruma?"

"Bado."

"Basi tutakitafuta zikinguruma." Kila mtu akacheka, na mimi nikacheka. "Na hii jenereta kubwa ya kulisha vyote? Ukumbi una umeme wake, mama, tumeshaulipia. Taa na skrini zichomekwe ukutani, wewe leta jenereta ndogo ya spika."

Mtu akitaka bei ishuke, anaanza kukata asichokiona. Taa anaziona, spika anazisikia. Kisanduku na waya hana habari navyo. Ningekuwa mimi, ningemtajia mkono wa yule mume hapo hapo, na mezani ningeweka na picha. Hofu nayo ni bidhaa. Yeye alisema, "Sawa." Alikuwa anauhitaji ukumbi kuliko ukumbi ulivyomhitaji, na yule binti alishalisoma hilo usoni pake kabla hajakaa kitini.

Siku yenyewe asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Ukumbi ulikuwa wa kale, dari la juu, viti vya mbao, harufu ya rangi mpya iliyopakwa juu ya unyevu. Jukwaa langu lilikuwa limesimama sawasawa. Chapchap alipanda ngazi akafunga taa akipiga mluzi. Jenereta ilikuwa nje, nyuma ya mlango mdogo wa upande. Spika zilijaribiwa, zikatoa sauti safi kabisa.

Kisha Chapchap akaunganisha sauti ya skrini na spika.

Mmmmmmm.

Ulikuwa mngurumo wa kukera hasa. Vijana walishaanza kujaa, wakaziba masikio, wengine wakaanza kuigiza ng'ombe.

"Shemeji," Chapchap akasema, mkono ameunyoosha, "nipe koleo niimalize hii kitu tukale."

"Hukati."

"Dakika moja tu, shemeji yangu!"

"Hata nusu. Nenda nyumbani kamtazame kaka yako anavyokula, halafu urudi uniombe koleo."

Chapchap akacheka kile kicheko chake cha kupitisha jambo. Mratibu akaja mbio.

"Mama, mgeni rasmi yuko getini! Hii sauti ya nini? Kama friji linakata roho."

"Skrini inakula umeme wa ukuta, spika zinakula wa jenereta. Nivute kebo nene kutoka nje, vyote viwili vitumie umeme mmoja. Nipe nusu saa."

"Nusu saa sina."

"Basi picha iende bila sauti."

"Mfadhili mwenyewe anaongea kwenye hiyo video! Unataka awe bubu mbele ya watu wake?"

Mama Waya hakubishana. Alitoka kwa ule mlango wa upande, akaanza kuvuta kebo peke yake, bega mbele, kama mtu anayeburuta gunia. Hapo ndipo alipokosea, ukiniuliza. Hakutakiwa kuondoka kwenye vyombo vyake. Mratibu alimwangalia Chapchap, Chapchap akamwangalia mratibu.

"Kaka, wewe unaweza?"

"Mimi? Hiyo kitu nafanya nimefumba macho."

Koleo alilichukua kwenye sanduku la shemeji yake. Kilikatika kidogo tu, kipande cha waya wa ardhi wa plagi ya spika, kifupi kama kijiti cha kiberiti, kikaanguka kwenye mbao zangu. Mngurumo ukafa. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na Chapchap akainama kama mwanasarakasi.

Mama Waya aliporudi, kebo begani, jasho linamchuruzika, alikuta kimya kile. Fundi wa kweli anaposikia kimya cha namna hiyo hahitaji kuambiwa. Aliitupa kebo. Msichana wa kuimba alishapanda jukwaani, gauni la kung'aa, anacheka na wenzake. Kando yake kijana amevaa gitaa, na waya wa gitaa unakwenda ukutani.

Mama Waya akapanda, akatoa testa mfukoni, ile bisibisi yenye kitaa ndani, akaigusisha kwenye maikrofoni. Kitaa kikawaka. Hakikuwaka sana, lakini kiliwaka.

"Weka maikrofoni chini, mwanangu," akamwambia msichana. "Usiishike."

"Shemeji, hicho kitaa kinawaka hata ukigusa friji la nyumbani," Chapchap akasema kwa sauti ili watu wasikie. "Ni umeme wa kupita tu. Hauui hata inzi."

"Labda," akasema Mama Waya.

Hilo neno ndilo lililommaliza. Mratibu alilidaka hapo hapo. "Labda? Mama, nisimamishe tamasha kwa labda?"

Na kweli, hakuna aliyejua. Chapchap hakusema uongo: kitaa kama kile nimekiona kikiwaka mara nyingi na watu wakaimba mpaka wakachoka. Mama Waya naye hakusema uongo. Angeweza kusema "kweli inaua", akaapa, akalia, akaanguka chini. Wangesimama. Lakini mwanamke huyu ukimuuliza anakuambia anachokijua, basi. Alimtazama yule msichana, akatazama mkono wake ulioshika maikrofoni, akashuka ngazi za jukwaa na kung'oa plagi kubwa ya spika.

Kelele zilizofuata! Miluzi, viti kugongwa, "Mama nenda kalale!", "Mrudishieni hela yake ya umeme!" Chupa ya maji ikaruka ikampiga begani. Mgeni rasmi alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, akasimama, akageuka kumuuliza msaidizi wake kitu. Mratibu akamgeukia Mama Waya.

"Vyombo vyako vimekodiwa mpaka tamasha liishe. Ndivyo tulivyokubaliana. Wewe utoke. Kaka, washa."

Walinzi wawili wakamshika mikono, si kwa ukatili, kama unavyomtoa mtu mzima aliyelewa. Chapchap akaichomeka plagi. Hakumtazama shemeji yake usoni, hilo nalisema kama lilivyokuwa. Muziki ukaanza.

Mimi nilishuka jukwaani. Lile jukwaa ni la chuma, na mimi si mwanamuziki.

Nilipotoka nje nilimkuta amekaa juu ya tofali kando ya jenereta, ule moshi wote unampiga usoni, mkono mmoja kwenye swichi. Hakuwa analia. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza.

"Unafanya nini hapa?" nikamuuliza.

"Nasikiliza anavyoimba."

"Kama unaogopa hivyo, zima hiyo jenereta."

"Nikizima watakuja kuwasha, na hata hapa wataniondoa. Nikiwa hapa, angalau mkono uko kwenye swichi. Sauti ikikatika vibaya, nazima."

"Utajuaje imekatika vibaya?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza mama atajuaje mtoto wake analia. "Niliisikia mara moja," akasema.

Akakaa pale. Siku ya kwanza, na ya pili, mpaka tamasha likafungwa. Asubuhi anakuja na chupa ya maji na kitambaa cha pua, anakaa kwenye tofali lake. Walinzi walimzoea, wakawa wanamtania: "Mama, umeajiriwa na jenereta?" Kila wimbo ulipoanza alikaza vidole, kila ulipokwisha alivilegeza. Msichana mwenye gauni la kung'aa aliimba siku zote, na kila alipotoka kwa mlango wa upande kupunga hewa alimpita bila salamu, kwa sababu kwake huyu alikuwa ndiye mama aliyemwaibisha mbele ya watu.

Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyeshtuka kidole. Ningependa kukuambia kwamba siku ya mwisho kulitokea jambo, watu wakashika vichwa na kusema kumbe yule mama alikuwa sahihi. Halikutokea. Video ya mfadhili ilichezwa, mfadhili akaongea, taa zikazunguka, watu wakafurahi. Chapchap alibebwa juujuu.

Nilimsaidia kurudisha nyaya nyumbani kwake kwa gari langu la vyuma, nikabeba mizigo mpaka ndani, kwa hiyo niliyasikia na ya huko. Mumewe alikuwa kwenye kiti chake. Habari zilishamfikia, mdogo wake alikuwa amepita.

"Unge... kata," mume akasema.

Mama Waya aliendelea kupanga nyaya chini ya kitanda.

"Mimi... nilikata. Miaka yote. Siku... moja tu."

"Nyamaza, baba watoto, ule kwanza."

"Ukumbi... ule!" Akapiga goti lake kwa ule mkono uliojikunja. "Tungekuwa... na ukumbi!"

Ndipo kwa mara ya kwanza nikaona machozi ya yule mwanamke. Chupa haikumliza, wala kelele za ukumbi mzima, nikataka kumwambia mzee yule neno moja nikaona si nyumba yangu. Nikashusha mzigo wa mwisho, nikaaga. Nyuma yangu nikasikia kijiko kikigonga sahani; alikuwa ameanza kumkatia nyama.

Yaliyofuata unaweza kuyakisia. "Yule mama wa kuzima muziki" likawa ndilo jina lake jipya, na jina hilo halileti wateja. Shule zikampigia Chapchap. Makampuni yakampigia Chapchap. Skrini ikauzwa, kisha taa, kisha spika, na mnunuzi wa yote alikuwa Chapchap, ambaye sasa alikuwa na kadi yenye picha yake ameweka mikono kiunoni. Mimi ndiye niliyesimama katikati kupatanisha bei. Nilimpigania nilivyoweza, lakini mwenye shida akiuza, hata mpatanishi hodari hana la kushika.

Siku ya kupakia spika, Chapchap alijikuna kichwa. "Shemeji, bado nakuhitaji. Nani atakunja nyaya? Hawa vijana wangu wanazisokota kama tambi."

"Nitakuja," akasema Mama Waya. "Kwa sharti."

"Lipi tena?"

"Plagi zote nafunga mimi. Nazikagua mimi kabla hujawasha, na ukiwasha ninakaa hapo hapo. Hakuna mtu mwingine anayegusa plagi. Hata wewe."

"Na mngurumo ukija?"

"Utaninunulia kile kisanduku."

Chapchap akacheka. "Kisanduku ni ghali, shemeji. Sasa na wewe nikulipe?"

"Unikate kwenye malipo yangu mpaka deni lake liishe."

Nilimkanyaga Mama Waya mguu. Katika maisha yangu yote ya kupatana bei sijawahi kuona mtu anajishusha mwenyewe kabla hajashushwa. Hakuutoa mguu wake, wala hakunitazama. Chapchap alimpa mkono haraka haraka, na alipokuwa akifunga mlango wa gari akanikonyeza: amempata kwa bei ya kutupa.

Ndivyo anavyofanya kazi mpaka leo. Ukienda kwenye shughuli yoyote ya Chapchap, tazama nyuma ya spika, chini, penye vumbi. Utamkuta amechuchumaa, bisibisi mdomoni, anafungua plagi moja, anaangalia nyaya tatu, anaifunga, anasogea kwenye nyingine. Waimbaji wanamruka kwenda jukwaani. Mmoja juzi alimkanyaga kidole, akasema, "Samahani, mama, sikukuona," naye akamwambia apite tu, maikrofoni ni salama.